Motopompu inavuja esanse? Tusingojee iwake moto



Mu Haut-Lomami, kiangazi kikifika, lengalenga, shu na tomati zinaweza kutegemea motopompu. Kamina ni mji wa reli, lakini esanse inatoka mbali, na bei yake munaijua wenyewe. Weka kikopo chini ya mahali panavuja kwa dakika 10. Ukipata mililita 10, ni kusema vijiko viwili vya chai, basi kwa saa 12 za usiku ni mililita 720. Karibu robo tatu ya litre imepotea bila kumwangilia hata tuta moja.

Tena feza si hatari kubwa. Mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa: unalala chini, unatembea polepole mpaka unakutana na mbabula ya mama anayepika. Hapo njo nyumba inaungua.

Mbele ya kugusa kitu, zima motere, iache ipoe, toa kofia ya buji. Fanya kazi inje, mbali na moto na sigara. Usiku, usimulike na kibiriti wala mshumaa.

Panguza motere yote na kitambaa kikavu, kisha angalia:

1. Robine imefungwa na bado inavuja: shida iko ku tanki ao ku robine yenyewe.

2. Tone linatoka ku tuyo: mara nyingi imepasuka ku ncha, pale inapokazwa. Ikiwa ndefu ya kutosha, kata ile ncha, rudisha, kaza tena. Ikiwa imekauka yote, nunua tuyo ya esanse. Mpira wa kinga haufai: esanse inauvimbisha na kuulegeza.

3. Inavuja tu wakati robine imefunguliwa, inamwangika ku kabirateri: funga robine, fungua kikombe cha chini, safisha uchafu. Angalia kaboya na kasindano kake. Kasindano kakiisha, esanse haisimame.

Kwa shida hiyo ya tatu, pima pia mafuta ya motere. Yakipanda na kunuka esanse, yabadilishe mbele ya kuwasha, kwani hayalinde tena vyuma.

Tanki ikitoboka, sabuni ya mche inaweza kuziba kwa muda mufupi, mpaka upate ingine. Lakini musiipeleke kusudiwa! Hata tanki tupu iko na mvuke ndani, na inaweza kulipuka.

Shauri letu kwa kila koperative: mtu mmoja achunge motopompu, na kasha iweke feza kidogo ya tuyo na vifungo vyake. Kila jioni, afunge robine, aache motere imalize esanse ya ndani mpaka izimike yenyewe. Na mashini isikalie ukingo wa kisima: maji yenye harufu ya esanse hayanywiwe na mtu, wala mbuzi.