Emahoy, mpiga piano aliyenyimwa London

Jumapili asubuhi pale Mafiga, Morogoro, jua likiwa ndiyo kwanza linachungulia juu ya milima ya Uluguru, vinanda huanza kujibizana kanisa kwa kanisa. Mpigaji anachagua biti, anabonyeza kitufe, na mashine inapiga ngoma yenyewe. Kazi yake inabaki kuifuata kwaya. Huyo ndiye mpiga piano tunayemfahamu wengi wetu. Na hatuna cha kulaumiwa, maana Morogoro imelelewa na magitaa: Salum Abdallah na Cuban Marimba, kisha Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz.

Piano ya mbao ni mnyama mwingine kabisa. Ina vitufe 88, vyeupe 52 na vyeusi 36, na kila kimoja hurusha nyundo ndogo inayokwenda kugonga nyuzi zilizokazwa ndani ya fremu ya chuma. Ukizijumlisha nyuzi zote, mvuto wake unakaribia tani 20. Gusa taratibu, inanong'ona. Gusa kwa nguvu, inanguruma. Biti haina, mwendo wote uko mikononi mwako. Tena ni chombo chenye deko: mbao hunywa unyevu, kwa hiyo masika moja tu yanatosha kuiharibia sauti, na lazima aitwe fundi wa kuikaza upya, uzi kwa uzi.

Anayetaka kuipigia jukwaani nyimbo za akina Mozart na Chopin kwa kawaida huanza mdogo, kabla hata ya darasa la pili. Hufuata miaka ya mazoezi ya kila siku, mwalimu mkali, chuo cha muziki, halafu mashindano kama yale ya Chopin yaliyoanza Warsaw mwaka 1927. Jina Mafiga linatosha kueleza: figa moja haliinjiki chungu. Mpiga piano naye anahitaji chombo, mwalimu na mlango wa kutokea.

Hapa Afrika Mashariki alikuwako mwanamke aliyepata mawili ya kwanza, la tatu akanyimwa.

Alizaliwa Addis Ababa tarehe 12 Desemba 1923, akaitwa Yewubdar Gebru. Nyumba yao ilikuwa ya wakubwa. Dada yake, Senedu, baadaye alikuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuingia bunge la Ethiopia. Akiwa na miaka sita alipelekwa shule ya bweni Uswisi, na huko akaanza kujifunza muziki. Alirudi nyumbani 1933. Miaka mitatu baadaye majeshi ya Mussolini yakaingia Addis Ababa, na mwaka 1937 familia yake ikachukuliwa mateka hadi kisiwa cha Asinara, Italia.

Vita vilipopita akaenda Cairo kwa mwalimu kutoka Poland, Alexander Kontorowicz. Inasimuliwa kwamba alikuwa akifanya mazoezi saa tisa kwa siku: tano za fidla na nne za piano. Mtu wa namna hiyo hachezi. Nafasi ya kusoma muziki London ikapatikana, mlango ukafunguka kidogo, halafu wakuu wa nchi yake wakamnyima ruhusa ya kusafiri. Aligoma kula hadi akalazwa hospitali.

Alipopona hakurudi kwenye piano. Alikimbilia monasteri ya Gishen Mariam, juu kwenye milima ya Wollo, akawa mtawa na kupewa jina Tsegué-Maryam. Emahoy ni jina la heshima la watawa wa kike. Kwa miaka kama kumi alikaa huko katika nyumba ya udongo, akitembea bila viatu, bila kugusa kitufe hata kimoja.

Jambo la ajabu ni kwamba muziki tunaomjua nao ulikuja baada ya ukimya huo. Aliporudi mjini alianza kutunga, na kwa maoni ya mwandishi huyu, London isingemfundisha alichotunga. Mkono mmoja unamkumbuka Chopin, mwingine unafuata ngazi ya sauti tano ya Ethiopia na zaburi za kanisa la kwao. Mwendo wake hauhesabiki. Sauti inasita kama mtu anayepanda mlima na kusimama kuvuta pumzi, kisha inakimbia kidogo, kisha inasita tena. Ukijaribu kuipigia makofi utapotea njia.

Santuri yake ya kwanza ilitoka Ujerumani katika miaka ya 1960, na mapato yake aliyaelekeza kwa yatima. Mwaka 1984 alihamia Jerusalem, akaishi kwenye chumba kidogo katika monasteri ya Waethiopia, yeye na piano yake. Dunia ilimgundua akiwa amepita miaka themanini, mwaka 2006, rekodi zake zilipotolewa upya Ufaransa katika mfululizo wa Éthiopiques. Mwaka 2013 kitabu cha nota zake kikachapishwa, na wapiga piano wa nchi nyingine wakaanza kumsoma yeye kama yeye alivyowasoma wao.

Alifariki Jerusalem tarehe 26 Machi 2023, akiwa na miaka 99. Mpiga kinanda wa Mafiga anayetaka kumsikia atazipata rekodi zake kwenye intaneti, na akitaka kumjaribu kwa vidole vyake, azime biti kwanza.