Je, Wajua? Kutoka Watamu hadi Kwao Mekatilili

Je, wajua kwamba mwanamke aliyewatikisa Waingereza katika pwani ya Kenya hakuzaliwa pwani yenyewe? Mekatilili wa Menza alizaliwa miaka ya 1860 huko Mutsara wa Tsatsu, upande wa Ganze, bara ya Kilifi. Mgeni aliyefikia Watamu hushika barabara kuu hadi mjini Kilifi, kisha huipa bahari kisogo. Minazi inapungua, vichaka vinazidi, na kufikia Ganze umeingia nchi kame ambayo mkulima hupanda mahindi huku akiitazama mbingu. Hapo hapana mnara wa kupigia picha. Kuna mashamba, mbuzi, akina mama wenye madumu ya maji, na wazee wanaoijua habari yake. Kwangu mimi, hiyo ndiyo sababu ya kwenda.

Je, wajua kwamba hakupewa jina la Mekatilili utotoni? Aliitwa Mnyazi, binti pekee katika nyumba ya watoto watano. Hilo tunalolijua alilipata baada ya kumzaa Katilili. Simulizi za kwao husema ndugu yake mmoja, Mwarandu, alinyakuliwa na wafanyabiashara wa watumwa na hakuonekana tena. Anayejua hilo haulizi kwa nini alikuja juu aliposikia kwamba vijana wa Kigiriama, watu wake, wanatakiwa wakafanye kazi kwenye mashamba ya walowezi.

Je, wajua kwamba silaha yake ya kwanza ilikuwa ngoma? Mwaka 1912 serikali ya kikoloni ilimpeleka Arthur Champion kwa Wagiriama akusanye kodi ya vibanda na kuandikisha vibarua. Mekatilili, wakati huo mjane wa makamo, alianza kuzunguka kijiji hadi kijiji akicheza kifudu, ngoma ya msiba. Kifudu kikilia, Mgiriama haketi nyumbani. Watu walimfuata kwa mamia, na ngoma ikitulia, yeye ndiye aliyekuwa msemaji. Aliwaambia wazi: vijana wenu wanachukuliwa, ardhi inafuata. Kisha watu wakala viapo katika kaya, yaani msitu wa matambiko, wanawake kiapo cha mukushekushe na wanaume kiapo cha fisi, kwamba hakuna atakayemtumikia Mzungu. Wakati huo mwanamke kuhutubia baraza la wanaume halikuwa jambo la kawaida. Mwenzake katika harakati hizo alikuwa mzee Wanje wa Mwadorikola, ambaye jina lake husahaulika mno na halistahili kusahaulika.

Je, wajua kisa cha kuku? Hakuna mtoto wa Kilifi asiyekijua. Inasimuliwa kwamba katika mkutano na Champion mwaka 1913, Mekatilili alimleta kuku mwenye vifaranga, akamwambia Mzungu achukue kimoja. Alipoinama, kuku akamdonoa. Ukitaka kumchukua hata mmoja wa wana wetu, akasema, yatakupata hayohayo. Masimulizi yanaendelea kwamba Champion alimpiga kuku risasi.

Alikamatwa Oktoba mwaka huohuo, akapelekwa Kisii pamoja na Wanje, upande wa pili kabisa wa nchi. Je, wajua walikaa huko muda gani? Miezi michache tu. Januari 1914 walitoroka, wakashika njia ya kurudi kwao, mamia ya kilomita, kupita nchi za watu wasiojua Kigiriama. Mekatilili alikuwa amekaribia umri ambao wengi wetu tunaanza kulalamikia magoti. Walifika. Walikamatwa tena Agosti, baada ya moto kuwaka.

Na moto huo, je, wajua uliwashwa wapi? Kaya Fungo, kitovu cha Wagiriama, upande wa Kaloleni. Mwanzoni mwa Agosti 1914, siku zilezile Uingereza ilipoingia vitani dhidi ya Ujerumani, maofisa waliilipua kaya kwa baruti na kuichoma. Walidhani wakibomoa mahali pa kiapo watakuwa wamebomoa kiapo. Vita vilivyofuata Wagiriama wanaviita Kondo ya Chembe, Chembe akiwa ni Champion katika matamshi yao. Wagiriama walishindwa kwa bunduki, wakatozwa faini ya rupia 100,000. Hata hivyo, mwaka 1919 Mekatilili na Wanje waliachiwa huru wakarudi Kaya Fungo, yeye akiongoza baraza la wanawake na mwenzake la wanaume.

Je, wajua kwamba kaya hiyo leo ni urithi wa dunia? UNESCO iliziorodhesha kaya za Mijikenda, jamii ambazo Wagiriama ni mojawapo, mwaka 2008, misitu 10 iliyosambaa kwa takriban kilomita 200 za pwani, na Kaya Fungo imo. Mwaka uliofuata mila zake nazo ziliingizwa katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Ukitaka kuingia, huingii peke yako: mzee wa kaya anatangulia, nawe unauliza kabla ya kutoa kamera. Hukati mti. Hata kijiti kilichokauka hukiokoti. Katazo hilo ndilo lililoiacha misitu ikisimama huku mashamba yakiizunguka pande zote, na kazi hiyo wazee waliifanya miaka mingi kabla serikali haijawa na idara ya mazingira. Heshima kwao.

Je, wajua kigango? Ni nguzo ya mti inayosimamishwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa gohu, chama cha waheshimiwa wa Kigiriama. Ukikiona kwa karibu utakuta kichwa cha mviringo au bapa, na kiwiliwili chembamba kilichochongwa pembetatu ndogondogo kuanzia juu hadi chini, mara nyingine kimefungwa vitambaa. Kikishasimama hakiondolewi. Kwa hiyo fikiria uchungu wa familia zilizoamka na kukuta shimo. Vigango kwa mamia viliibiwa, vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara wa sanaa, vikaishia katika majumba ya Marekani. Viwili vilirudishwa Kenya mwaka 2007, na mwaka 2019 makumbusho ya Denver ikarudisha 30. Ukiona kigango dukani, usinunue, hata ukiambiwa ni kipya.

Je, wajua kwamba ukiwa Watamu una urithi wa dunia mwingine mlangoni? Magofu ya Gede, mji wa Waswahili uliostawi kuanzia karne ya 10 hadi ya 17, yaliorodheshwa Julai 2024. Kaburi moja lina tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. James Kirkman alianza kuyachimbua mwaka 1948, na kati ya vilivyopatikana mlikuwemo vyombo vya kaure kutoka China. Papo hapo pana mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993, ambapo wakazi wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo na kuwauza ng'ambo wakiwa bado pupa. Msitu unawalipa bila kukatwa.

Malindi, nguzo ya Vasco da Gama hupata wageni kila siku. Sanamu ya Mekatilili iko mjini humohumo, katika bustani yenye jina lake, na wengi hupita wakielekea kwenye nguzo. Wapitie bustanini kwanza.

Je, wajua alipozikwa? Alifariki mwaka 1924, akazikwa Bungale, Magarini. Kwenda huko unapita Malindi, unavuka daraja la mto Sabaki, kisha unaingia bara. Uondoke alfajiri na upate mwenyeji wa kukuongoza. Kwa miaka mingi, kila Agosti, wazee na akina mama waliovaa hando, sketi ya asili ya Kigiriama, huenda kumwadhimisha. Wanapopita Sabaki huingia katika nchi ileile ambayo mwaka 1914 Waingereza waliwaamuru Wagiriama waihame. Baada ya miaka michache waliruhusiwa kurudi, na wajukuu zao ndio wanaolima hapo hadi leo.