Fahamu: Kwa nini wanafunzi wa MUST wanahitaji fildi ya kweli

Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST) kilianza mwaka 1986 kikiwa chuo cha ufundi, kikawa taasisi mwaka 2005 na chuo kikuu mwaka 2012. Asili hiyo ya ufundi ndiyo inayofanya mafunzo kwa vitendo, maarufu kama fildi, yawe na uzito mkubwa hapa.

Utaratibu wake ni huu: mwanafunzi huchukua barua chuoni, hutafuta nafasi, kisha kila siku huandika kazi aliyofanya katika daftari ambalo msimamizi wake hulisaini. Mhadhiri humtembelea, na mwisho huandikwa ripoti.

Tatizo ni kinachoandikwa katika daftari hilo. Aliyetumwa kutoa fotokopi wiki nzima hana cha kuandika. Lakini mwanafunzi wa uhandisi mitambo anayeshusha gia boksi ya lori la Fuso katika gereji za Mwanjelwa, jijini Mbeya, hukutana na meno yaliyolika, oili iliyochanganyika na vumbi la chuma, na dereva mwenye mzigo wa mchele anayetaka kuondoka leo. Hapo hesabu za msuguano alizosoma darasani hupata maana.

Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi (HEET), uliopata Dola za Marekani milioni 425 kutoka Benki ya Dunia mwaka 2021, unavitaka vyuo kushirikiana na waajiri katika kuboresha mitaala. Ni hatua nzuri, ila waajiri hao wasiwe wa viwanda vikubwa tu.

Mwenye gereji au mashine ya kukoboa, mpokee mwanafunzi, na umpe kazi yenyewe.