Uchunguzi wa Mapema wa Saratani ya Mlango wa Kizazi Waokoa Maisha na Rasilimali za Hospitali

Na Mwandishi Wetu

Saratani ya mlango wa kizazi ni miongoni mwa saratani zinazosababisha vifo vingi vya wanawake nchini Tanzania, ilhali ni ugonjwa unaozuilika. Wagonjwa wengi hufika hospitalini wakiwa wamechelewa.

Kuchelewa huko hutokana kwa sehemu na tabia ya ugonjwa wenyewe. Chanzo chake ni kirusi cha HPV, kinachoambukizwa kwa njia ya kujamiiana. Kwa mwanamke mwenye kinga imara, maambukizi yasiyoondoka huchukua miaka 15 hadi 20 kugeuka saratani; kwa mwenye kinga dhaifu, kama anayeishi na VVU bila matibabu, huweza kuwa miaka 5 hadi 10. Katika muda huo wote hakuna maumivu. Damu isiyo ya hedhi inapoanza kutoka, mara nyingi ugonjwa umekwishakomaa.

Hapo ndipo tofauti ya matumizi ya rasilimali inapoonekana. Katika uchunguzi wa awali, muuguzi aliyefunzwa hupaka siki hafifu kwenye mlango wa kizazi na kusubiri takribani dakika moja. Sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe. Mara nyingi sehemu hiyo hutibiwa papo hapo kwa baridi kali au joto, na mwanamke akarejea nyumbani siku hiyo hiyo. Saratani iliyokomaa huhitaji wiki kadhaa za tiba ya mionzi na dawa. Mashine za mionzi zipo katika hospitali chache, zikiwamo Taasisi ya Saratani Ocean Road na Hospitali ya Bugando, hivyo mgonjwa wa mbali hubeba pia nauli, malazi na siku za kazi zilizopotea.

Utafiti uliofanyika Mumbai, India, ukihusisha wanawake takribani 150,000, ulionesha kuwa uchunguzi wa siki uliofanywa na wahudumu wa afya ya msingi kila baada ya miaka miwili ulipunguza vifo vya saratani hiyo kwa asilimia 31.

Hata hivyo, njia hiyo hutegemea jicho la mtoa huduma: wapo wanaotibiwa pasipo lazima na wapo wanaokoswa. Kwa sababu hiyo, mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza kipimo cha vinasaba vya HPV kiwe cha kwanza, ambacho mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe. Aidha, anayegundulika asipotibiwa, gharama ya uchunguzi huwa imepotea bure.

WHO imeweka lengo kuwa ifikapo mwaka 2030, asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wapimwe, na asilimia 90 ya wanaogundulika watibiwe. Tanzania ilianza kutoa chanjo hiyo nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 wasichana wa miaka 9 hadi 14 hupewa dozi moja.

Wanawake wenye umri wa kuanzia miaka 30, na wanaoishi na VVU kuanzia miaka 25, wanahimizwa kupima wakiwa bado hawana dalili yoyote.