Magnesiamu Ndani ya Kidonge cha Mulago

Wanawake wengi wanaotibiwa saratani ya matiti katika Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa Mulago, Kampala, mwaka 1967, wanaijua tamoksifeni. Kwa kawaida humezwa miligramu 20 kwa siku, miaka 5 au hata 10, ili kuizuia homoni ya estrojeni isiichochee saratani. Ni dawa ya zamani, tena nafuu ikilinganishwa na nyingi za ugonjwa huo.

Wasichokijua wengi ni kwamba ilizaliwa kwa msaada wa magnesiamu.

Kuunganisha kaboni na kaboni ndiyo kazi ngumu ya mtengeneza dawa. Mwaka 1900, huko Lyon, Victor Grignard alitangaza njia yake, akiendeleza jaribio la mwalimu wake, Philippe Barbier, ambaye jina lake lilistahili kukumbukwa zaidi. Kwenye bromobenzeni, bromini huvuta elektroni kutoka kwa kaboni. Magnesiamu ikijipenyeza katikati, hali hugeuka: kaboni hubaki na elektroni za kugawa, na ikikutana na kaboni yenye upungufu wa elektroni, kwa mfano ile ya ketoni, hushikamana nayo. Grignard alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1912, pamoja na Paul Sabatier.

Maabarani, vipande vyembamba vya magnesiamu hutiwa kwenye chupa iliyokaushwa kabisa, kisha etha, bromobenzeni na punje ya iodini. Rangi ya kahawia hufifia, ukungu hutanda, na etha huanza kuchemka bila moto. Kwa kawaida huchemka kwenye nyuzi 35 hivi. Kampala, mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, etha huchemka mapema zaidi. Adui mkubwa ni maji. Yakiingia, kitendanishi cha Grignard kilichoundwa hunyakua hidrojeni yake na kuishia kuwa benzeni tu, kazi yote imepotea. Katika mji wenye unyevu wa Ziwa Victoria na misimu miwili ya mvua, kukausha vyombo si jambo la kupuuza.

Kwa njia hiyo ya Grignard, mwaka 1962, mkemia Dora Richardson wa kampuni ya ICI, Uingereza, alipachika pete ya benzeni kwenye ketoni, kisha akaondoa maji. Zikatoka molekuli za maumbo mawili. Moja ndiyo tamoksifeni. Nyingine hufanya kazi kama estrojeni yenyewe, kwa hiyo ilibidi zitenganishwe. Amitriptilini na tramadoli nazo zimetengenezwa kwa kitendanishi cha aina hiyohiyo.