Jaketi la mama wa mlimani: usinunue unene



Mtu wa mbali akisikia kwamba mstari wa Ikweta unapita kati ya Butembo na Lubero, anafikiri huku tunashinda tukipanguza jasho. Aje alale Lubero usiku mmoja wa mwezi wa saba. Mji ule uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kila unapopanda mita 1,000 joto la hewa linapungua karibu digrii 6. Ndiyo maana mtu anayetoka Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, akipanda mpaka Minembwe anatafuta blanketi siku ileile, wala hajatoka Kivu ya Kusini. Wakati wa kiangazi usiku hauna mawingu, na joto ambalo udongo ulishika mchana linapanda juu na kupotea. Alfajiri ni ukungu, saa sita mchana jua linachoma, na msimu wa mvua ukirudi, jioni unaloa.

Kwa hiyo baridi yetu si kama ya Ulaya, inayokaa miezi mitatu bila kusogea. Yetu inaingia na kutoka siku hiyohiyo. Hapo ndipo majaketi mengi ya sokoni yanapotushinda. Balo la mitumba likifunguliwa, tunanyoosha mkono kwa lile nene kuliko yote. Muuzaji naye anajua kuongea: “Mama, shika hili, ni la Ulaya yenyewe, sikia uzito!” Lakini jaketi lile lilishonwa kwa mtu anayesimama kwenye theluji akingoja basi. Wewe unapanda mlima na jembe. Ukifika shambani umelowa jasho, unalivua, unalibeba mkononi mchana kutwa, na mvua ikilikuta linakunywa maji na kukaa kwenye kamba siku tatu bila kukauka.

Nasema wazi: usinunue unene. Nunua nguo mbili zinazoachana.

Kinachotupasha joto si kitambaa chenyewe. Ni hewa iliyotulia ndani ya kitambaa, na kati ya nguo moja na nyingine. Mwili unaipasha hewa hiyo, na isipopeperushwa na upepo wala kulowa, inakaa na joto lake. Kwa hiyo triko jepesi chini ya koti la upepo linaweza kushinda jaketi zito ambalo upepo unapita katikati yake. Nguo ya ngozini kazi yake ni kuondoa jasho, ya katikati kushika hewa, ya juu kuzuia upepo na mvua.

Jaketi ninalolipenda kuliko yote ni lile lenye jaketi jingine ndani, lililofungwa kwa zipu. La nje ni kitambaa chepesi kisichopitisha maji. La ndani ni laini kama blanketi la mtoto. Alfajiri unavaa yote mawili. Jua likitoka unavua la nje na kulikunja kwenye kikapu. Mvua ya mchana inakuja pamoja na joto, basi unavaa la nje peke yake. Na mtoto akirudi shule anatetemeka, la ndani linakuwa lake. Ukikosa lililounganishwa hivyo, tafuta mawili mbalimbali, hata rangi zisipofanana. Hakikisha tu la nje ni pana kiasi cha kuvaliwa juu ya lingine bila kubana kwapani, maana likibana linaikamua ile hewa na baridi inarudi.

Sasa twende sokoni. Geuza jaketi, tafuta kikaratasi kilichoshonwa ndani. Ukisoma laine, ni sufu: inashika joto hata ikipata unyevu, ila maji ya moto yanaikunja ikawa ya mwanasesere. Ukisoma coton, ni pamba: nzuri kwa jua, mbaya kwa mvua, kwa sababu ikilowa inashika maji na kuuvuta joto mwili wako. Polyester haishiki maji sana na inakauka upesi. Kwa milima yetu ndiyo ninayoichagua kwa jaketi la ndani. Duvet ni manyoya laini ya bata. Hayo yanapasha joto ajabu na ni mepesi kama pumzi, wauzaji wanayapandishia bei, lakini yakilowa yanagandana kama uji uliopoa na joto linaisha. Kama nyumba yako haina mahali pakavu pa kuanika, yaache kwa watu wa theluji.

Jaketi la nje lijaribu kwa mdomo. Weka kitambaa kwenye midomo, puliza kwa nguvu. Pumzi ikitoka upande wa pili kirahisi, upepo wa Lubero utapita vilevile. Kisha dondosha maji kidogo begani. Yakisimama kama matone na kuteleza ni dalili njema, yakizama hapohapo, hapana. Angalia pia upande wa ndani. Ukiona ngozi nyeupe inabanduka vipande vipande kama ukoko wa ugali, tabaka la kuzuia maji limekufa, na hakuna fundi atakayelirudisha. Koti la plastiki tupu nalo linazuia mvua, lakini jasho halina pa kutokea, unalowa kutoka ndani. La heri lina matundu au zipu chini ya kwapa.

Kuna mambo ambayo waliolishona hawakuyafikiria. Sisi tunabeba mzigo mgongoni, kamba ikiwa kwenye paji la uso. Kofia ya jaketi ikiwa nene inakunjamana chini ya kamba na kuumiza shingo, basi chagua ile inayofunguliwa na kutiwa mfukoni. Vuta mshono wa bega na wa mgongoni kwa nguvu mbele ya muuzaji, ndipo mzigo unapokula kwanza. Mwenye kubeba mtoto mgongoni atafute jaketi pana linalofunika kikwembe na mtoto pamoja, lakini uso wa mtoto ubaki nje kabisa, apumue. Mtoto aliyezaliwa juzi, hasa aliyezaliwa kabla ya wakati, jaketi lake ni kifua cha mama: ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, na nguo zako zikiwafunika wote wawili. Hakuna kijaketi cha dukani kinachofikia hapo.

Kwa wanafunzi, nunua kubwa kidogo na ukunje mikono, watoto wanakua kuliko mishahara yetu. Toa kamba za shingoni na za kiunoni, zinanaswa kwenye gurudumu la pikipiki. Rangi iwe ya kuonekana: nyekundu, njano, chungwa. Asubuhi ya ukungu dereva wa lori haoni kijivu wala bluu nzito mpaka amefika. Kwa wazee, angalia mikono yao. Bibi mwenye vidole vinavyouma anataka zipu kubwa ya mbele, si vifungo vidogo wala nguo ya kupitisha kichwani.

Na hapa niseme jambo linalonikosesha usingizi kila kiangazi. Watu wakikosa nguo ya usiku wanaingiza mbabula chumbani, wanafunga mlango na dirisha, wanalala. Makala yakiwaka ndani ya nyumba iliyofungwa yanatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Kichwa kinauma, mtu anaona kizunguzungu, analegea, na aliyelala haamki. Mbabula ikae nje, hata ikiwa makala yamebaki kidogo. Afadhali mtoto alale na jaketi la ndani, soksi na kofia ya triko, wawili wawili chini ya blanketi moja. Na jaketi hilo la polyester lisikaribie moto wakati wa kupika: cheche inalitoboa, na likishika moto linayeyuka na kugandia kwenye ngozi.

Jaketi la mitumba ukilifikisha nyumbani, usilivae jioni ileile. Lifunge ndani ya mfuko wa plastiki, kamba imekaza, likae wiki moja; vijidudu vya upele haviishi muda huo wote bila mwili wa mtu. Kisha lifue kwa sabuni ya kawaida na maji ya vuguvugu. Javeli usiitumie, inakula rangi na kuharibu kitambaa kinachozuia maji. Suuza mpaka povu liishe kabisa, kwa sababu sabuni iliyobaki inaalika maji ya mvua kuingia.

Likiwa la turubai ya pamba, unaweza kulisaidia kidogo: sugua mshumaa juu ya mabega na mikono, kisha pitisha pasi ya moto mdogo juu ya karatasi ili nta iingie. Usijaribu hivyo kwenye kitambaa chembamba cha kung'aa, pasi itakiyeyusha.

Zipu iliyoharibika isikutishe. Ndiyo sababu kubwa ya jaketi zuri kuuzwa kwa bei ya chini, na mara nyingi meno yake ni mazima. Kile kichwa kinachovutwa tu ndicho kimelegea. Kibanwe kidogo kwa koleo, upande mmoja kisha wa pili, na upake sabuni kavu kwenye meno. Meno yakiwa yametoka kweli, uliza kwanza fundi wa kushona bei ya zipu mpya, uijumlishe na bei ya jaketi, halafu ndipo uanze kupatana na muuzaji.