Kipanya Kisicho na Waya: Jicho na Redio Juu ya Meza

Mwishoni mwa muhula, walimu wa shule za sekondari za Songea, kama wenzao kwingineko nchini, huketi mbele ya kompyuta na kujaza alama za mitihani katika majedwali. Kazi hiyo haihitaji nguvu, bali huhitaji usahihi. Mshale wa kipanya ukiruka mstari mmoja tu, alama ya mwanafunzi mmoja huandikwa mbele ya jina la mwingine, na kosa hilo laweza kufika kwa mzazi kabla halijagunduliwa. Mshale unapoanza kurukaruka, hukumu inayotolewa aghalabu ni moja: kipanya kimekufa, kinunuliwe kingine. Mara nyingi hukumu hiyo si ya haki. Kipanya kisicho na waya ni muungano wa vyombo viwili, jicho na redio, na kila kimoja kina udhaifu wake unaoelezeka kwa fizikia ile ile inayofundishwa darasani.

Yafaa kwanza kutaja asili yake. Kipanya cha kwanza kilitengenezwa mwaka 1964 katika Taasisi ya Utafiti ya Stanford, nchini Marekani, kutokana na wazo la Douglas Engelbart na kwa mikono ya mhandisi Bill English. Kilikuwa kijisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili yaliyopangwa kwa pembemraba, moja likipima mwendo wa kulia na kushoto, jingine mwendo wa mbele na nyuma. Engelbart alikionyesha hadharani mjini San Francisco tarehe 9 Desemba 1968. Waya uliochomoza katika kijisanduku hicho ulifanana na mkia, na jina likapatikana. Leo mkia umekatwa, lakini mnyama amebaki na jina lake.

Baadaye magurudumu yaliachwa na mahali pake pakawekwa mpira mdogo uliobingirika juu ya meza na kuzungusha vijiti viwili vilivyofichwa ndani. Walioutumia mpira huo wanakumbuka adha yake: kila uchafu wa meza ulipanda pamoja nao na kuganda katika vijiti. Katika mji kama Songea, ambako wakati wa kiangazi vumbi jekundu huingia hadi kwenye droo zilizofungwa, kipanya cha mpira kilihitaji kufunguliwa na kusafishwa mara kwa mara. Jicho lilikuja kuondoa adha hiyo. Vipanya vinavyotumia nuru vilikwisha kubuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini vile vya kwanza vilihitaji ubao maalumu wenye mistari au madoa. Vile vinavyoweza kufanya kazi juu ya meza yoyote ya kawaida vilianza kuenea tangu mwaka 1999.

Jicho hilo hufanyaje kazi? Chini ya kipanya mna taa ndogo sana inayomulika meza kwa ubavu. Nuru inayokuja kwa ubavu hufanya kila kinundu na kila kijibonde cha meza kitupe kivuli, kama vile jua la asubuhi linavyorefusha vivuli vya matuta ya mahindi shambani. Lenzi hukusanya nuru inayorudi na kuitupa juu ya kihisi, ambacho ni kamera ndogo iliyopunguzwa mno. Baadhi ya vihisi vya miaka ya mwanzo ya karne hii vilikuwa na vijidoa 18 kwa 18, yaani 324 tu, lakini vilipiga picha 1,500 kwa kila sekunde. Chipu hulinganisha kila picha na ile iliyoitangulia, na kutafuta ni upande gani na kwa kiasi gani vivuli vimehama. Kamera hiyo haijui meza ni nini wala mkono uko wapi. Inajua tofauti ya picha mbili, basi.

Mwanafunzi anaweza kulipima jambo hili kwa hesabu rahisi. Mkono ukienda kwa kasi ya sentimeta 30 kwa sekunde, basi kati ya picha moja na inayofuata kipanya husogea milimeta 300 zilizogawanywa kwa 1,500, yaani milimeta 0.2. Eneo la meza linaloonekana na kihisi cha aina hiyo lina upana wa takriban milimeta moja. Hivyo sehemu ipatayo nne kwa tano ya picha ya zamani bado imo katika picha mpya, na ulinganisho unawezekana.

Hapa ndipo ilipo sababu ya kwanza ya mshale kuruka. Ofisi nyingi zina meza zilizofunikwa kioo, na chini ya kioo huwekwa kalenda na picha. Kioo safi hakina vinundu vya kutupa kivuli: nuru hupenya, au huakisiwa kwa pembe isiyofika kwenye lenzi. Kihisi hubaki kikilinganisha picha mbili zisizo na alama yoyote, mfano wa mtu anayetafuta njia katika ukungu. Dawa yake haigharimu kitu. Karatasi moja ya daftari iwekwe chini ya kipanya. Nyuzi za karatasi, hata kama hazionekani kwa macho, ni milima na mabonde kwa kihisi. Mwalimu anaweza kuligeuza jambo hili kuwa jaribio: kioo, karatasi, kitambaa, ubao uliopigwa vanishi, na wanafunzi waandike ni wapi mshale unatulia. Katika vipanya kadhaa taa hutoa miale ya infraredi isiyoonekana. Kamera ya simu mara nyingi huionyesha.

Chombo cha pili ni redio. Vipanya vingi vya sasa hupeleka habari kwa mawimbi ya masafa ya gigahezi 2.4. Kasi ya mawimbi, mita 300,000,000 kwa sekunde, ikigawanywa kwa 2,400,000,000, urefu wa wimbi hupatikana kuwa mita 0.125, yaani sentimeta 12.5. Masafa hayo hayana mwenyewe mmoja: hutumiwa pia na intaneti isiyo na waya na majiko ya maikrowevu. Kwa sababu hiyo mitambo ya Bluetooth imebuniwa kurukaruka kutoka mkondo mmoja hadi mwingine. Katika Bluetooth ya asili mikondo ni 79, na miruko hufika 1,600 kwa sekunde.

Chuma huyazuia mawimbi haya, na mwili wa binadamu, kwa kuwa umejaa maji, huyafyonza. Kipokezi kikichomekwa nyuma ya sanduku la chuma la kompyuta lililo chini ya meza, mshale utakwamakwama. Kikihamishiwa tundu la mbele, tatizo aghalabu huisha. Jambo lisilojulikana sana ni kwamba vifaa vya USB 3.0 navyo hutoa kelele katika masafa hayo hayo. Kampuni ya Intel ilieleza hivyo mwaka 2012. Diski ya kuhifadhia alama ikichomekwa pembeni mwa kipokezi, yaweza ndiyo mchawi anayetafutwa.

Lipo pia suala la betri. Betri za bei nafuu za kaboni na zinki hula kopo lao wenyewe, kwa kuwa kopo hilo la zinki ndilo elektrodi. Likitoboka, kemikali huvuja na kuoza vishikizo ndani ya kipanya. Kipanya kitakachokaa likizo nzima bila kutumiwa kitolewe betri. Wapo wanaodhani kwamba chombo chenye betri yake kitafaa zaidi umeme ukikatika. Sivyo: kompyuta ya mezani ikizimika, kipanya hakina cha kuongoza, na kompyuta ya mapajani hukilisha hata kipanya cha waya.

Je, shule inunue kipi? Kwa chumba chenye kompyuta 30, waya ni bora. Hauhitaji betri, haugombanii masafa, na hauna kipokezi cha ukubwa wa ukucha kinachopotea na kukiacha kipanya kizima kikiwa hakina kazi. Tena, mwaka 2016 watafiti wa kampuni ya Bastille ya Marekani walionyesha kwamba vipokezi vya watengenezaji kadhaa, visivyo vya Bluetooth, viliweza kudanganywa kutoka mbali vikapokea maandishi ya mtu mwingine kana kwamba yamepigwa kwenye kompyuta hiyo. Kompyuta inayotunza alama za mitihani haina haja ya mlango huo. Kipanya kisicho na waya kina mahali pake kwa mwalimu anayefundisha akitembea kati ya madawati huku somo likionyeshwa ukutani. Vikiwa viwili au zaidi katika ofisi moja, kila kipanya na kipokezi chake viandikwe namba moja kwa wino usiofutika, maana kwa kawaida kipokezi cha kimoja hakikisikii kingine.